Aliyeuawa Roma, Aliyechukuliwa Wete

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Binti yangu Miska kaja kula mchana, na habari. Kapata nafasi! Mchezo wa jukwaani, mwezi ujao, hapa hapa kwetu Croydon, Landani — ukumbi mdogo uliokuwa kanisa. Zainab kapiga kigelegele jikoni. Mke wangu huyu akifurahi, mtaa mzima unajua.

Mchezo wenyewe wa Warumi wa kale. Miska kaeleza kwa Kiingereza chake kile cha mbio, mimi nikawa namfasiria Mama. Palikuwa na kijana wa ukoo mkubwa, Tiberio Grako. Kawatetea wakulima waliopoteza mashamba, akataka ardhi ya umma igawiwe upya. Wakubwa wa baraza wakasema huyu anautaka ufalme. Siku ya uchaguzi wakamvamia, mchana kweupe, mbele ya watu. Hawakuwa na panga wala kisu. Walivunja mabenchi, wakampiga kwa miguu ya mabenchi mpaka akafa. Yeye na wenzake, mamia.

Nikamuuliza, na wewe ni nani humo? Kacheka. Yeye ndiye Nasika, mkubwa aliyewaongoza wauaji. Siku hizi wanawake wanacheza wanaume, nisishtuke.

Mama alikuwa anachambua miba ya samaki. Halafu akauliza:

"Na maiti?"

Miska hakuelewa.

"Maiti yake yule kijana. Kaizika nani?"

Miska akajibu, safari hii pole pole. Ndugu yake alikwenda kuomba maiti akazike, wakamkatalia. Usiku maiti zote zikatupwa mtoni.

Mama akasema, "Aa." Akaendelea kula.

Mimi nikaanza kuzungumza habari za mvua.

Jumatatu, 7 Oktoba

Shifti ya asubuhi. Tramu mpaka Wimbledon na kurudi, Wimbledon na kurudi. Swali la Mama limekaa nami kwenye chumba cha dereva kutwa nzima.

Baba yangu, Makame Faki, alikuwa mwalimu wa skuli. Alichukuliwa nyumbani kwetu Wete, Pemba, mwaka sabini na moja. Nilikuwa na miaka mitano. Walikuja watu wawili wa serikali asubuhi, wakasema maswali kidogo tu, adhuhuri atakuwa karudi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine sikuambiwa, na mimi sikuuliza. Nyumbani kwetu hilo haliulizwi.

Baadaye ikasemwa aliachiwa, akavuka kwenda Mombasa, akaoa huko, hana haja nasi tena. Shangazi, mdogo wake Baba, alikuwa akituletea salamu. "Kaka anawasalimu." Salamu tupu. Hata kipande cha kitambaa hakikuja.

Mama hakukubali na hakukataa. Alikuwa na neno lake moja: "Hajarudi." Kwa hiyo hakukaa eda ya ujane. Eda ya nani? Hitma ya kumwombea haikusomwa. Waliokuja kumposa walirudi kama walivyokuja. Na kila Ijumaa anajifukiza udi, anatia wanja, anavaa kanga nzuri. Mpaka leo, mwanamke wa miaka themanini na moja, hapa Croydon!

Mimi nilichagua Mombasa. Kwa mtoto, baba mbaya ni bora kuliko baba aliyekufa. Mbaya unaweza kumkasirikia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Simu ya Miska. Anataka kujua kwa nini Bibi aliuliza habari za maiti. Nikamwambia wazee ndivyo walivyo, wanafikiria mazishi tu. Halafu akaniambia ninayo sauti yangu ya kudanganyia, anaijua tangu mdogo.

Kumbe ninayo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ngumu. Sijui nianzie wapi.

Mama ndiye aliyemwita. Mwambie mtoto aje anisomee maneno yake, nataka kumsikia. Miska akaja na karatasi zake, wakajifungia sebuleni. Mimi jikoni, najifanya naosha vyombo. Mlango ule haufungi vizuri.

Miska alikuwa anasoma sentensi kwa Kiingereza, kisha anamfasiria Bibi yake kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza. "Mimi nakataa kupa wewe huyu maiti." Mama hakucheka. Akamwambia arudie. Miska akarudia kwa sauti ya juu zaidi, ya ukali, ya mkubwa.

"Sivyo," Mama akasema. "Wa kwetu hakupiga kelele."

Kisha akaanza kumsimulia. Ghafla tu! Mimi na umri wangu huu sijawahi kusikia, na nimesikilizia mlangoni kama mwizi, sabuni inanikauka mikononi.

Mmoja wa wale wawili tulikuwa tukimjua. Alikuwa amekula kwetu sikukuu ya Idi. Alivua viatu mlangoni. Aliomba maji, akaletewa, akashukuru. Baba alikuwa bado na fulana ya ndani, akaomba avae shati, yule bwana akasema vaa mwalimu, hatuna haraka. Mpaka vifungo wakamsubiri akafunga vyote.

Kesho yake Mama akapika, akapeleka chakula kituoni. Yule bwana akakipokea yeye mwenyewe. Jioni akamrudishia bakuli — tupu, limeoshwa. Siku ya pili vile vile. Na ya tatu. Zikapita siku nyingi, Mama anapika, bakuli linarudi limeoshwa, naye anajua mumewe anakula, basi yu hai. Akawa anaongeza samaki.

Halafu siku moja bwana yule hakupokea bakuli. Akasema, "Pole, Bi Mize. Hayupo hapa. Nenda nyumbani."

Mama akamuuliza yu hai au kafa. "Nenda nyumbani, mama." Akamuuliza, kama kafa nipeni nikamzike. "Nenda nyumbani." Kwa upole kabisa. Na mkono akamwekea begani.

"Chakula changu," Mama akamwambia Miska, "mpaka leo sijui alikila nani."

Miska analia. Mama halii. Akamwambia haya, sasa soma tena, na usipige kelele.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimegombana na Miska kwenye simu. Nilikuwa kwenye mapumziko, kibanda cha madereva, wenzangu wote wananitazama. Anasema ana haki ya kujua babu yake aliuawa. Nikamwambia hakuna aliyesema kauawa. Akasema, Baba, Bibi kasema kila kitu isipokuwa hilo neno.

Nikamwambia kuhusu Mombasa. Kwamba nilipokuwa kijana, nikipita kuja huku, nilikaa pale wiki nzima nikitazama nyuso za wanaume wakitoka msikitini. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Machafu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

Halafu Miska akauliza, taratibu, ulimwona?

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mtoto simu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mama anataka kwenda kumtazama Miska. Kashasema, na Bi Mize akishasema ndiyo basi.

Zainab hataki. Mtu wa miaka themanini akatazame watu wanauana? Moyo wake je? Shangazi kapiga simu kutoka Kingsbury, sijui kaambiwa na nani, anapaza sauti mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Tumwache Bi Mize na amani yake. Michezo ya makafiri ya nini. "Mnachokora nini nyie?"

Nikamjibu ni mchezo tu, Shangazi. Mjukuu wake anaigiza, anataka kumwona. Akakata na yeye. Ukoo wa kukatiana simu huu.

Nimenunua tiketi za mchana, Mama asichoke.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimerudi.

Tulikwenda sisi watatu. Mama kavaa kanga yake ya zambarau, kajitia udi, mpaka mzungu mmoja mlangoni kageuka kuuliza harufu nzuri hii inatoka wapi. Mwongozaji wa mchezo anaitwa Reine, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, kaja mwenyewe kutupokea. "Karibuni, mama, karibuni. Miska njo alituambia bibi atakuya!" Katuweka safu ya mbele. Laiti angetuweka nyuma.

Jukwaani hakuna kitu ila mabenchi. Mabenchi tu, ya mbao, kama ya skuli. Waigizaji wako na nguo za kawaida, mashuka meupe mabegani. Tiberio ni kijana wa Kikenya, Kelvin, mrefu, sauti nzuri. Alipohutubia kuhusu wakulima wanaofia vitani kulinda ardhi wasiyoimiliki, nilijisahau kabisa. Niliona mwalimu. Sijui kwa nini nimeandika mwalimu.

Halafu Miska akatoka. Mwanangu! Akavuta shuka lake mpaka kichwani, kimya, na wenzake wakavuta ya kwao. Kisha wakaanza kuvunja mabenchi.

Hakukuwa na damu. Kelvin alikimbia, mmoja akamshika nguo, ikabaki mkononi mwake, yeye akaendelea na fulana ya ndani. Akajikwaa. Na pale wakamzunguka, migongo yao kwetu, hatumwoni. Tunasikia mbao tu. Mbao juu ya sakafu, lakini ilidumu. Ilidumu, ilidumu. Zainab kafumba macho. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Kakaa wima, mikono mapajani, kama yuko mbele ya hakimu.

Nilidhani limepita.

Akaja ndugu yake Tiberio — wamempa msichana, Tatiana, mdogo hivi — akapiga magoti mbele ya Miska. Akaomba maiti ya kaka yake. Miska akamwinua. Akamwekea mkono begani. Akasema kwa upole, upole wa mtu mwema kabisa, pole. Akasema "go home." Mama Kiingereza hajui, lakini hilo analijua. Nani wetu huku ugenini asiyelijua?

Mama akasimama.

"Mpe!"

Ukumbi mzima ukageuka. Nikamshika mkono, akautoa.

"Mpe maiti yake akazike! Mmeshamuua, mnamtakia nini tena? Mpeni mtu wake!"

Sauti ile sijapata kuisikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana.

Tatiana kabaki na magoti yake, hajui afanye nini. Watu wengine walidhani ndiyo mchezo wenyewe. Miska alikuwa na neno la kusema pale, naona midomo yake inalitafuta. Hakulipata. Akavua shuka kichwani. Akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, uso wake umelowa, akasema — kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu aanze skuli hanijibu kwa Kiswahili:

"Sinaye, Bibi. Wallahi sinaye."

Wakatazamana wale wawili.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akakaa. Akajifunika kanga usoni, na Miska akarudi kati, akavaa shuka lake, mchezo ukaendelea mpaka mwisho. Watu walipiga makofi sana. Reine kaja, kapiga magoti mbele ya Mama, kamshika miguu tu.

Tulipoingia ndani, kabla sijamvua koti, akaniambia:

"Ameir. Baba'ako keshakufa."

Mimi nikasema, "Naam, Mama." Kama kaniambia maziwa yamekwisha.

"Nakaa eda."

Jumapili, 10 Novemba

Kavua bangili. Zile za dhahabu nilizokuwa nikizisikia tangu sijajua kutembea. Hazikutoka, kidole gumba kinauma na baridi yabisi, Zainab katumia mafuta na sabuni. Nilikuwa ukumbini nikizisikia zinagonga beseni moja moja.

Kampa Zainab chetezo na kopo la udi aviweke mbali. Wanja kautupa. Katoa nguo nyeupe alizozinunua Makka, alizokuwa kaziweka kwa kifo chake mwenyewe.

Fundi wa boila alikuwa aje kesho. Boila iko chumbani kwa Mama, naye kasema mwanamume asiye wa nyumbani asiingie humo mpaka eda iishe. Miezi minne na siku kumi. Na Novemba hii! Zainab akanitazama. Nimempigia fundi, nimeahirisha. Tumetafuta hita ya umeme.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda kwa Sheikh baada ya magharibi. Mtu mpole, kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema kwa wanazuoni wengi eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama mke hakupata habari. Kwa hiyo ya Bi Mize ilikwisha zamani, halazimiki. Wapo waliosema tangu siku habari ilipofika. Lakini habari, Ameir — habari ya mchezo?

Nikamletea Mama majibu nikiwa nje ya mlango wa chumba chake. Akasikiliza. Akasema:

"Sheikh anasema tangu siku aliyokufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Anitajie siku hiyo. Nitaanza hapo."

Mimi nikashika kitasa, nikakiachia.

"Haya. Mimi habari nimeipata juzi."

Jumatano, 13 Novemba

Shangazi kaja. Kavuka Landani nzima kutoka Kingsbury, treni mbili na tramu, mkononi mfuko wa bamia na majani ya giligilani kutoka kwa Wahindi wa mtaani kwake, kama amekuja kumwona mgonjwa. Hakukaa. Kaingia moja kwa moja chumbani kwa Mama, na mimi nyuma yake.

Alipomwona na nguo nyeupe akapiga kelele.

"Mnamzika kaka yangu kwa mchezo? Kwa mabenchi ya makafiri?"

"Nimzike kwa nini, wifi?" Mama akamwuliza. "Nipe wewe."

"Kaka alikuwa hai! Miaka yote ile nilikuletea salamu zake!"

"Ulipewa na nani?"

Shangazi akakaa ukingoni mwa kitanda, mfuko wa bamia bado umo mkononi.

"Nilikuwa msichana mdogo," akasema mwisho. "Tuliambiwa tuseme vile. Baba yetu alikuwa na watoto wengine wa kiume ndani ya nyumba."

Hakusema waliambiwa na nani. Hakuna aliyemuuliza.

Mama akasogea, akamtoa mfuko mkononi, akauweka chini. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Tangu salamu ya kwanza. Makame hakuwa mtu wa 'anawasalimu'. Makame alikuwa akitutaja mmoja mmoja."

Wakalia pamoja wale wazee wawili. Mimi nikasimama pale kama mtu aliyekosea nyumba.

Shangazi alipokwenda kutawadha nikamuuliza Mama. Nilijizuia nisipaze sauti, sikuweza. Kwa nini hukuniambia? Ulinisikia nikimtukana! Miaka yote unanisikia namtukana, uko kimya!

"Ulikuwa hulali," akasema. "Tangu wamchukue ulikuwa hulali, unakaa mlangoni unamngoja. Ukaja ukasikia yuko Mombasa. Usiku ule ukalala mpaka asubuhi."

Akajifunika vizuri nguo yake nyeupe.

"Basi nikaiacha."

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimewaambia msiba. Msimamizi kauliza nani. Baba yangu. Kasikitika sana, mzungu wa watu. Kauliza ni ghafla?

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 17 Novemba

Mchezo umemalizika jana. Miska kaja na vitu vyake, anataka kukaa nasi kidogo, analala chumba cha Bibi. Kakonda. Anasema kila alipofika mahali pale, "go home" ile, alikuwa anaangalia safu ya mbele kama Bibi yupo. Alimwomba Reine amtoe, ampe mwingine. Reine akamwambia kwao Bukavu wapo wanawake wengi hawajawahi hata kuwa na mtu wa kumpigia kelele. Akabaki.

Anamuuliza Bibi kila kitu. Babu alikuwa mrefu? Alipenda nini? Picha iko wapi? Picha hakuna, walizichukua. Mrefu kiasi. Alipenda mihogo ya nazi na kusahihisha watu wanavyosema. Miska anauliza kwa Kiingereza, kisha anajirudi, anauliza kwa Kiswahili. Mama anamsahihisha. Naye anasahihisha watu!

Mimi napita mlangoni na kikombe cha chai, nasimama. Hawanioni. Nasikia habari za baba yangu kama mpangaji anayesikiliza redio ya jirani.

Nimejaribu leo kumkumbuka mwenyewe. Nina shati. Shati jeupe linafungwa vifungo kutoka chini kwenda juu. Sijui kama ni kumbukumbu yangu au ni ya Mama niliyoisikilizia mlangoni.

Jumatano, 20 Novemba

Mama anataka hitma Jumamosi. Hapa hapa nyumbani. Sheikh kakubali — dua kwa maiti haina muda wake, kasema. Zainab kaagiza mchele na mbuzi. Shangazi kasema atakuja asubuhi kuoka mikate ya kumimina, na mtu asimsaidie.

Watu ninaowaalika wananiuliza hitma ya nani. Nawaambia ya mzee wetu. Mzee gani? Wa zamani. Wa Pemba. Basi wanaelewa au wanajifanya wameelewa. Wenye umri wangu hawaulizi zaidi. Musab, dereva mwenzangu wa zamu ya jioni, mtu wa Chake, alinishika mkono hakuniachia. Akasema wa kwao waliochukuliwa walikuwa wawili. Nimefanya kazi naye miaka na miaka. Tunazungumza mpira tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Upepo mkubwa leo, mvua inapiga madirisha tangu alfajiri. Nilidhani hawatakuja. Wamekuja wote, viatu vyao vimejaa mpaka kwenye ngazi. Wanaume sebuleni, wanawake chumbani kwa Mama na ukumbini. Musab yupo. Reine yupo kule kwa wanawake, kajitanda vizuri, Miska anamwonyesha pa kukaa. Nyumba inanuka mchele na makoti yaliyolowa.

Juzuu zimegawiwa, zimesomwa. Yote yalikwenda vizuri. Kisha Sheikh akataka kuanza dua, akanigeukia mbele ya watu wote, mtoto wa marehemu ndiye anayetaja.

"Tumuombee nani, Ameir? Mtaje marehemu na baba yake."

Nilifungua mdomo. Nikasema samahani, nakuja, naleta msahafu.

Misahafu imejaa meza nzima pale chini. Kila mtu anaiona.

Niko bafuni juu, nimekaa ukingoni mwa bafu. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti. Sijui kwa nini naandika badala ya kushuka. Ni majina mawili tu. Makame, Faki. Mtoto wa chekechea anaweza.

Lakini nikisema marehemu, yule wa Mombasa naye anakufa. Yule ndiye niliyeishi naye kichwani mwangu. Nimemwona akiota mvi. Nilimpa nyumba, nikampa mke na watoto wengine, nikampa duka la vitambaa. Kila Idi nilimtukana. Miska alipozaliwa nilimwambia, unaona, mimi nimebaki. Baba mwingine sikuwa naye. Huyu wa Mama, wa mihogo ya nazi, nimemjua wiki mbili hizi tu, na sasa nimzike!

Zainab anagonga. Ameir, watu wanangoja, Sheikh ana msiba mwingine Streatham. Nimemjibu nakuja.

Kumekuwa kimya chini. Hata watoto. Halafu namsikia Mama kule chumbani kwake, anazungumza na mtu, hana hasira hata kidogo:

"Mwacheni. Akishuka atamtaja."

Nimefungua bomba. Maji yapige kelele, nisisikike.